Malalamiko: sensa salama ya giaboksi imebadilishwa, waya mbovu umeachwa

Kwa Meneja wa Huduma,
Idara ya Karakana.

Ndugu Meneja,

Naandika kulalamikia kazi mliyoifanya kwenye giaboksi ya otomatiki ya gari langu. Namba ya gari na nakala ya hati ya kazi zimo kwenye viambatisho.

Gari lililetwa kwenu taa ya injini ikiwaka, gia zikiingia kwa mshtuko, na gia ya juu ikichelewa hata kwenye barabara tambarare. Fundi wenu aliunganisha mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0713. Kuanzia hapo hakuna kilichopimwa. Mafuta yalimwagwa, sampu (bakuli la mafuta chini ya giaboksi) ikafunguliwa, sensa mpya ya kupima joto la mafuta ikafungwa, nikalipa. Taa iliwaka tena kabla sijafika nyumbani. Niliporudi, jibu la mapokezi lilikuwa "mashine ndiyo imesema", nikapewa na karatasi ya ushauri kwamba giaboksi yote ibadilishwe.

Mashine haikusema hivyo. P0713 maana yake volti za saketi ya sensa ya joto la mafuta ya giaboksi ziko juu kupita kiasi. Inayotajwa ni saketi, na ndani ya saketi mna sensa, nyaya mbili, plagi na kompyuta yenyewe. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake. Sensa nayo hupungua ukinzani (uzuiaji wa umeme) kadiri mafuta yanavyopata moto, volti zikashuka, na kompyuta ikajua joto. Waya ukikatika popote njiani, hakuna cha kuzishusha volti hizo. Zinabaki karibu na 5, na kompyuta inaamini mafuta yameganda kwa baridi.

Ndivyo ilivyokuwa. Angalieni karatasi ya vipimo mliyonichapia wenyewe: maji ya injini nyuzi 88 za Selsiasi, mafuta ya giaboksi hasi 40. (Hata mngesoma kwa Farenhaiti, hasi 40 ni ile ile.) Injini imechemka, na giaboksi iliyofungwa ubavuni mwake iko baridi kuliko friza? Namba hiyo peke yake ilitosha kumfanya fundi ashuku waya kabla ya kushika spana.

Nilikataa kubadilisha giaboksi nikalipeleka gari kwa fundi umeme wa magari. Aliichomoa plagi ya giaboksi, kipimo kikabaki hasi 40. Akaziunganisha kwa kipande cha waya njia mbili za sensa, upande wa plagi unaotoka kwenye kompyuta. Nyaya zikiwa salama, kipimo kinapaswa kuruka hapo hapo hadi joto kali. Hakikusogea. Kwa jaribio hilo moja, ambalo halihitaji kumwaga hata tone la mafuta, sensa iliondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Kosa lilikuwa kwenye nyaya au kompyuta. Akapima kwa multimita waya wa ishara, yaani ule unaobeba volti 5 kutoka kwenye kompyuta: kwenye kompyuta volti 5, kwenye plagi ya giaboksi sifuri. Basi waya umekatika katikati. Aliufuata kwa mkono akaukuta umesagika kwenye bano la chuma linaloshikilia nyaya, shaba imeoza na kuwa kijani. Aliukata, akaunga kipande kipya, akakifunika vizuri na kukihamishia mbali na bano. Joto likaanza kusomeka, gia zikatulia, na kodi ikishafutwa haijarudi.

Sensa yangu ya zamani ninayo, maana niliidai mkanipa. Aliipima nayo. Ukinzani wake ulikuwa juu ikiwa baridi, na ukashuka taratibu alipoitumbukiza kwenye maji ya moto, bila kurukaruka. Mliing'oa ikiwa salama.

Sielewi kampuni yenye vifaa kama vyenu inawezaje kubadilisha kipuri kilicho ndani ya giaboksi kabla ya kugusa plagi iliyo nje. Na kinachoniudhi zaidi ya pesa ni ile karatasi ya ushauri. Mteja asiye na pa kuuliza angekubali, angenunua giaboksi, na taa ingewaka vile vile, kwa sababu waya uliokatika haumo ndani ya giaboksi.

Nadai mnirudishie bei ya sensa na ufundi wote wa kuifunga. Mafuta na chujio sividai. Muda wake wa kubadilishwa ulikuwa umefika. Msinijibu kwamba vipuri vya umeme havirudishwi: sheria hiyo inamhusu mteja aliyejichagulia kipuri, na hiki mlikichagua ninyi. Pia nataka ushauri wa kubadilisha giaboksi ufutwe kwenye kumbukumbu za gari hili, kwani mnunuzi yeyote akiuona ataamini giaboksi ni mbovu. Tatu, fundi aliyehusika aandike alipima nini, wapi, na alipata namba gani. Kama hakupima, iandikwe hivyo.

Nimeambatisha risiti, karatasi yenu ya vipimo, taarifa ya fundi umeme na picha ya kipande cha waya. Kipande chenyewe pamoja na sensa nitavileta mkivihitaji, ila vitakaguliwa mbele yangu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, nitayapeleka malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake kwenye chombo kinachosimamia haki za walaji.

Wenu,
Mteja, mmiliki wa gari lililotajwa kwenye hati ya kazi.