Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mamlaka ya Mji Mkongwe: magofu ya vichochoroni yajengwe nyumba za watu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kuhusu viwanja vya magofu vilivyobanwa baina ya nyumba na nyumba katika mitaa yetu ya Zanzibar ya Kiponda, Malindi na Sokomuhogo, vilivyogeuka majaa. Tangu 2000, mji ulipoingia katika Urithi wa Dunia, tunahimizwa kutunza kilichosimama. Kilichoanguka je?

Husemwa viwanja hivi ni vyembamba mno. Mbona mji wote umejengwa kwa wembamba huo? Boriti ya mkoko haibebi vizuri ikizidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba. Pengo la upana wa chumba kimoja linatosha nyumba: chini ukumbi na jiko, juu vyumba viwili, nyuma kiua cha kuingiza mwanga na upepo. Madirisha yafunguke kiuani, yasimchungulie jirani, stara ibaki.

Na gofu lina madhara. Ukuta uliokuwa wa kati, umekingwa pande zote mbili, sasa unapigwa na masika. Chokaa inamomonyoka, vichwa vya boriti vinaoza, na nyumba ya pili inaanza kuinama. Kuziba pengo ni kumshikiza jirani pia, mradi msingi mpya usichimbwe kupita wake, wala ukuta wake usipigwe plasta ya saruji, maana saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya mawe. (Ofisini kwako haya yanajulikana; wako mafundi mitaani hawajayasikia.)

Naomba mwongozo wa kurasa chache, wa Kiswahili na wenye michoro, kwa viwanja hivi tu. Mtu ajue kabla hajamlipa mchora ramani: ghorofa ngapi, kiua kisipungue kiasi gani, maji ya paa yaende wapi.

Usanifu, hata hivyo, ndio sehemu nyepesi. Kizito ni mirathi: warithi wengi, mmoja Muscat, mwingine London, na hakuna wa kutia saini. Kwa hiyo anzeni na gofu la wakf, mali iliyofungwa isirithiwe, ambalo halina mvutano huo. Kaeni na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, likodishwe kwa muda mrefu kwa familia ya mtaani itakayojenga na kuishi humo. Wenye hoteli wasubiri.

Wako,
Mkaazi wa Kiponda