Indiketa zinazowaka mbiombio si urembo

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenye magari hapa Mtwara wanaong'oa balbu za nyuma na kufunga za LED, kisha kushangaa indiketa zikiwaka na kuzimika mbiombio. Flasha nyingi, yaani vifaa vinavyowasha na kuzima indiketa, hupima umeme unaopita, hivyo balbu ya wati 21 ikiondolewa na kuwekwa LED ya wati chache, huchukulia kuwa balbu imeungua na kuharakisha mwako. Dawa ni flasha ya kielektroniki isiyotegemea kiasi cha umeme unaovutwa na taa, au rezista (kipande cha kuvuta umeme wa ziada ili flasha idhani balbu ya zamani ipo) ya ohmu 6, wati 50, ambayo huchemka mno, kwa hiyo ifungwe kwenye bati, kamwe si kwenye plastiki. Ama wanaopaka taa rangi nyeusi, sijui wanamficha nani: usiku, pale njia panda ya Mingoyo, dereva wa lori la korosho aliye nyuma atajuaje kama unakata kwenda Masasi au unaendelea Lindi?

Msomaji wako,
Mtwara