Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wakulima wa Viazi vya Asili, Milima ya Pisac, Peru

Ndugu wanachama,

Kuvuna, kuanika chuño (viazi vya kugandishwa na kukaushwa) kwenye baridi ya Juni na sherehe ya Siku ya Viazi, Mei 30, vyote vilifanyika nanyi mkiwepo. Sitavirudia.

Niseme lile linalonong'onwa sokoni, kwamba mwenyekiti ameuza mbegu zetu. Sikuuza. Nilipeleka sampuli benki ya mbegu, na mkataba uko kwa katibu: mbegu ni zetu, tukizihitaji zinarudi.

Mnauliza kwa nini sikungoja ridhaa yenu. Niliitisha mkutano mara mbili. Kwanza tulifika saba, kisha watano, akidi haikutimia. Huku nyuma fukusi walishaingia ghalani, na ugonjwa wa ukungu wa viazi umepanda hadi mashamba ambayo baba zetu waliyalima bila kuujua. Llumchuy waqachi, kile kiazi cha vinundu kinachomliza mkamwana akikimenya, kilibaki kapu moja kwa bibi mmoja. Nilipasua kimoja mbele yake, nikakuta funza wawili ndani. Yule mama alilifunika kapu kwa shali yake, asiseme neno. Ningengoja akidi hadi lini?

Majirani zetu wa Parque de la Papa, hifadhi ya viazi ya jamii za hapa Pisac, walitia saini mkataba na Kituo cha Kimataifa cha Viazi cha Lima mwaka 2004, wakarudishiwa mamia ya aina zilizokwisha kutoweka mashambani mwao. Zilirudi kwa kuwa kuna aliyezitunza. Baadaye walipeleka mbegu hadi ghala la mbegu la dunia huko Svalbard, Norwe, na viazi vyao wanavilima hadi leo.

Najua benki haitunzi kila kitu. Haipandi mlimani alfajiri ya Juni kutazama nyota za Kilimia ili kujua wakati wa kupanda. Mwaka huu nyota zilionekana hafifu, wazee wakashauri tuchelewe kupanda. Vijana waliokuja kusikia walikuwa wawili. Hilo limeniuma kuliko maneno ya sokoni.

Ada: zaidi ya nusu yenu hamjalipa. Kufuli la ghala na nauli ya kupeleka sampuli nimetoa mfukoni mwangu. Risiti anazo mweka hazina.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatumaini kupata ghala juu zaidi na kuwakutanisha vijana na wazee mara kwa mara.

Mbegu iliyosalimika itagawiwa Jumamosi asubuhi, ghalani. Hatutampelekea mtu nyumbani.

Mwenyekiti