Mzazi wa Kigoma, uliza kozi inafundishwa wapi na nani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi wa Kigoma, na wenzetu wa Tabora pia, ambao watoto wao wamemaliza kidato cha sita na sasa wanatafuta chuo. Matokeo yakishatoka, mazungumzo kuanzia Mwanga hadi Kasulu huwa yale yale: chuo gani kina jina? Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma? SUA au Mzumbe? Watu wanabishania majina ya vyuo wiki nzima, halafu kozi inachaguliwa haraka haraka steshenari, foleni ikiwa nyuma. Hapo ndipo vijana wenye alama nzuri wanapopotea.

Sifa za vyuo vyetu vya serikali zina historia, na anayeijua hasumbuliwi na ubishi huo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikasimama chenyewe mwaka 1970. Kwa miaka mingi kilibeba karibu kila fani. Kilimo kilifundishwa Morogoro kama kitivo chake hadi mwaka 1984, kitivo hicho kilipogeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, yaani SUA. Muhimbili na Ardhi zilikuwa vyuo vishiriki vyake hadi mwaka 2007, ndipo kila kimoja kikawa chuo kikuu kamili. Vyuo hivyo vilipojitenga viliondoka na walimu wao, maabara zao, mashamba yao na hospitali ya kufundishia. Kwa hiyo mzee anayesema Mlimani ndiko kulikozalisha madaktari na mabwana shamba wa nchi hii anasema kweli, ila sifa anayoisimulia ilishahamia kwingine. Ardhi na Mlimani ni majirani wa kutembea kwa miguu, lakini mtoto anayetaka mipango miji, uthamini au upimaji ardhi na yule anayetaka uhandisi wa umeme hawaelekei geti moja.

Jambo hili lina upande wa pili ambao wengi hawaujui. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeanzisha upya mafunzo ya kilimo na ya afya. Udaktari wake unafundishwa katika tawi lake la Mbeya, linaloitwa ndaki. Mzazi wa Kibondo anaweza kuwa amekwisha kumwandalia mwanawe chumba kwa shangazi yake Kimara, kumbe kijana anatakiwa kupita Mpanda na Sumbawanga kwenda Mbeya. Ualimu nao una mkanganyiko wake: chuo hicho hicho kina vyuo vishiriki viwili, DUCE kilichoko Chang'ombe na Mkwawa kilichoko Iringa, vyote vilivyoanza mwaka 2005. Wahitimu wake hutunukiwa shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini nauli, kodi ya chumba na maisha ya Iringa si ya Chang'ombe. Kabla ya kujaza kozi yoyote, soma imeorodheshwa chini ya kampasi gani. Huku kwetu suala hili litazidi kuwa na uzito, maana SUA ina Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani Katavi, na Muhimbili imekuwa ikijenga kampasi hapa hapa Kigoma. Kampasi mpya haifundishi kozi zote za kampasi mama, kwa hiyo jina lililo kwenye bango halitoshi kukupa jibu.

Mfano mzuri zaidi wa majirani wanaolinganishwa vibaya ni SUA na Mzumbe, vyote vya Morogoro. SUA iko pembeni mwa mji, chini ya milima ya Uluguru. Mzumbe iko nje ya mji, upande wa barabara ya Iringa. Mzumbe mizizi yake ni shule ya watumishi wa serikali za mitaa ya mwaka 1953, iliyokuja kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Nguvu yake imekaa kwenye utawala, sheria, uhasibu na usimamizi wa rasilimali watu. SUA nguvu yake ni kilimo, mifugo, misitu, wanyamapori, chakula na lishe. Ukiuliza kipi bora kati ya hivyo viwili bila kutaja kozi, hakuna mtu mkweli atakayekujibu. Ugumu unaanza pale vyote viwili vinapogusa fani moja. Mathalani vyote vinatoa ualimu, lakini SUA unaegemea masomo ya sayansi na Mzumbe unaegemea biashara na uchumi. Hapo lazima ushuke hadi ngazi ya idara.

Idara unaikagua namna hii. Fungua tovuti ya chuo, ingia kwenye ndaki au kitivo, kisha kwenye idara yenyewe. Hesabu wahadhiri wenye uzamivu (PhD) katika fani hiyo hasa, maana idara inaweza kuwa na madaktari wa falsafa kumi, lakini kati yao wawili tu wakawa wa somo unalolitaka. Angalia kama idara inatoa uzamili na uzamivu katika fani hiyo. Ikiwa inatoa, ni dalili kwamba walimu waandamizi wapo na utafiti unaendelea. Ikiwa kozi ni mpya na idara haina shahada yoyote ya juu, mwanao atakuwa miongoni mwa wanaofanyiwa majaribio. Kisha uliza vitendo vinafanyikia wapi. Mwanafunzi wa misitu wa SUA ana misitu ya mafunzo ya Olmotonyi mkoani Arusha na Mazumbai kule Usambara. Mwanafunzi wa udaktari wa Muhimbili ana hospitali ya taifa, na wa UDOM ana Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kozi ya sayansi isiyoweza kukuonyesha maabara yake, shamba lake au hospitali yake, iache hata kama chuo kinasifiwa redioni.

UDOM inaonewa sana katika mabishano haya kwa sababu ni ya mwaka 2007, na kwa watu wengi upya ni sawa na udhaifu. Chuo hicho kilijengwa kwa mpango wa kupokea wanafunzi hadi 40,000, na wengi wanapata vitanda ndani ya eneo la chuo. Kwa mtoto wa mkulima wa Kasulu hilo ni jambo zito, kwani anayelala chuoni halipi kodi ya miezi sita kwa mkupuo wala nauli ya daladala kila asubuhi. Fedha ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo, ile wanayoiita bumu, ilipandishwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na ni ile ile Dodoma na Dar es Salaam. Inakotosha kidogo na inakokwisha mapema, kila mtu anajua.

Kuna wanaoleta orodha za ubora kutoka mitandaoni. Ni vizuri kuzisoma, lakini jueni zinapima nini. Webometrics, iliyoanzishwa na maabara ya baraza la utafiti la Hispania, hutazama uwepo wa chuo kwenye intaneti na jinsi tafiti zake zinavyonukuliwa. Chuo chenye tovuti kubwa na watafiti wengi kinapanda. Tafiti za tiba hunukuliwa sana duniani, ndiyo maana chuo cha afya kinaweza kukipita chuo kikubwa zaidi katika baadhi ya orodha. Hakuna hata moja inayokuambia kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapata zamu ya hadubini au anasimama nyuma ya wenzake arobaini.

Sasa alama. Hapa naomba wazazi wasome taratibu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, mmoja kwa wenye kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. Kila kozi imeandikwa sifa za kuingilia, pointi za chini, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Kozi isiyokuwamo katika mwongozo usiiguse. Kwa utaratibu wa sasa A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. S ni nusu pointi na haihesabiwi kuwa ufaulu kamili. Kiwango cha chini kabisa ni ufaulu kamili katika masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, lakini masomo hayo ni yale yanayotajwa na kozi, si yale uliyofaulu vizuri. Kijana wa HGL mwenye C ya Historia, D ya Jiografia na E ya Kiingereza ana pointi 5 kwa masomo mawili ya juu. Akiomba kozi inayotaka Historia na Kiingereza, amebaki na 4 na yuko ukingoni. Kozi nyingi za biashara na sayansi zinataka pia hesabu: kama hukusoma Hisabati ya juu, uwe na angalau S ya BAM, yaani hisabati tumizi ya kidato cha sita, au alama ya Hisabati ya kidato cha nne inayotajwa na kozi. Wengi hukwama hapo na hubaki kudhani wameonewa.

Pointi za chini zinakupa ruhusa ya kuomba tu. Baada ya hapo ni ushindani, na nafasi 50 hazijai kama nafasi 400. Kijana mwenye pointi 5 anayeomba Mlimani peke yake kwenye kozi zinazogombewa na wenye A tatu anaachwa dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi, na dirisha la pili anakuta kozi alizozitaka zimejaa. Ada ya maombi kwa kawaida ni shilingi 10,000 kwa chuo. Ukimudu, omba vyuo vitatu: kimoja cha ushindani mkali, kimoja unachokifikia, na kimoja ambacho pointi zako zinazidi wazi kiwango cha chini na nafasi ni nyingi. Kozi iwe ile ile au jirani yake, ili popote atakapochaguliwa asome anachokitaka.

Jina la shahada lina nguvu kuliko jina la chuo siku ya kutafuta kazi serikalini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaja shahada zinazokubalika, kisha waombaji hufanya usaili wa mchujo bila kujali nani katoka wapi. Mwenye shahada yenye jina refu la kisasa lisilotajwa kwenye tangazo anaachwa kabla ya usaili. Chukua matangazo kadhaa ya kazi anayoitaka mtoto, andika majina ya shahada yanayojirudia, ndiyo uyatafute kwenye mwongozo. Kwa uhandisi, hakikisha kozi inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa ubunifu majengo na ukadiriaji majenzi kuna bodi yake. Kwa afya kuna mabaraza. Anayetaka uwakili ajue kwamba baada ya shahada bado kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School), popote aliposomea.

Yako mambo madogo yanayoharibu makubwa, na huku kwetu yanatokea kila msimu. Vijana wengi huombea vyuo steshenari na kujaza namba ya simu ya mwenye duka. Akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, anatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe, ndani ya siku zilizotangazwa. Ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenye duka, kijana yuko Buhigwe, siku zinapita, nafasi inapotea. Jaza namba ya mzazi isiyobadilika, na andika nywila kwenye daftari. Walioko JKT, iwe Bulombora, Mtabila, Kanembwa au Msange kule Tabora, waache nyumbani namba ya mtihani ya kidato cha nne, nakala za vyeti na mtu mmoja anayejua kozi walizokubaliana. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na jina lililomo lifanane herufi kwa herufi na la cheti cha kidato cha nne. Bodi ya Mikopo haikubali "Ntibanyiha" huku na "Ntibaniha" kule bila maelezo ya kisheria.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mwongozo wa TCU uko kwenye intaneti, na vijiji vingi vya Kakonko, Uvinza na Kaliua havina mtandao wa kufungua kitabu cha kurasa mamia. Mwongozo ukitoka, chapisheni jedwali la kozi ishirini zinazoombwa zaidi, kila kozi na vyuo vya serikali vinavyoitoa, kampasi, pointi za chini, nafasi na miaka. Litoke kabla dirisha la kwanza halijafungwa, na sisi walimu tutalibandika kwenye mbao za matangazo za shule na ofisi za kata.

Mwalimu wa ushauri na taaluma,
Shule ya sekondari,
Kasulu, Kigoma.