Hedi Inang'aa, Lakini Imenyooka?

Wiki iliyopita mteja alisimama mlangoni mwa karakana yetu hapa Busia, akawaambia waliokuwa wakisubiri kwamba sisi ni wezi. Alikuwa ameleta hedi, kile kifuniko kikubwa cha juu ya injini, ya Toyota Premio, injini ya 1NZ. Ameipiga msasa mwenyewe nyumbani jioni mbili mfululizo, umeme ukikatika anamulika na simu, mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Alitaka tuipitishe mashine ya kuisaga inyooke, "kidogo tu", kwa nusu bei, kwa sababu kazi kubwa ameshaimaliza. Tulipomwambia bei ni ileile, na huenda ikapanda, ndipo lile neno likamtoka.

Mwaka huu yeye ni wa tatu. Kwa hiyo acha nieleze, maana mlangoni hatukuelewana.

Hedi haiji kwetu kwa sababu ni chafu. Inakuja kwa sababu gari lilichemsha. Paipu ya rejeta imepasuka njiani, dereva ameona geji ya joto imepanda, akasema moyoni nifike tu. Hedi ya alumini imebanwa na bolti kumi za chuma, na alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Joto likipita kiasi hedi haina pa kwenda, inajipinda. Ukiitazama kwa macho huoni kitu. Kwenye 1NZ, upande unaokaa juu ya bloku (mwili wa injini wenye silinda), ikipinda zaidi ya milimita 0.05 haifai kurudishwa hivyo. Huo ni wembamba kuliko unywele wa kichwa. Mteja wetu alikuwa amepima kwa rula ya shule (ni mwalimu, sikucheka mbele yake).

Sisi tuna rula nzito ya chuma iliyonyooshwa kwa kazi hiyo, na vijani vya fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Tunapima kwa urefu, kwa upana, na pembe kwa pembe. Hedi yake ilikuwa imeliwa milimita 0.20 upande wa cheni. Ilipofunguliwa ilikuwa imepinda kiasi gani? Hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyepima kabla ya msasa.

Mkono ndio unaodanganya. Ukisukuma, uzito unalalia mbele. Ukivuta, unalalia nyuma. Msasa unakunja kidogo kwenye kingo na kwenye matundu ya maji, kwa hiyo ncha na midomo ya matundu huliwa kwanza. Alimradi msasa unafuata bonde lililokuwepo, bonde linabaki bonde, ila sasa linang'aa. Wengine huweka msasa juu ya kioo. Wazo si baya, lakini kioo cha meza ya chakula kikikaa juu ya mbao zilizopinda nacho kinapinda, na hedi ya silinda nne ni ndefu na nzito kuliko mkono unavyodhani.

Halafu ile mikwaruzo. Gasketi, ile inayokaa kati ya hedi na bloku kuzuia kuvuja, za tabaka za bati zinazotumika kwenye injini nyingi za siku hizi zinataka uso laini sana. Mkwaruzo mmoja wa msasa namba 80 ukitoka kwenye tundu la maji ukafika kwenye silinda, umeyachimbia maji mfereji.

Kwenye dizeli ni vibaya zaidi. Dereva mmoja wa taksi, HiAce yenye injini ya 3L, alikutana na fundi wa kando ya barabara aliyesafisha hedi kwa grenda. Hedi ile ina vikombe vya chuma vilivyopachikwa pale mafuta yanapowakia. Grenda ikala uso wa pembeni, vikombe vikabaki vimesimama. Gasketi mpya kutoka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, iliharibika gari halijafika Bugiri. Abiria walirudishiwa nauli, gari likavutwa, na sisi tukasaga hedi iliyokuwa imekaribia mwisho wa unene wake. Kila ukisaga unapunguza. Pistoni na vali (milango ya hewa na moshi) zinasogeleana, na hakuna mashine ya kurudisha chuma kilichoondoka.

Lakini kinachoniuma zaidi ni vumbi. Punje za msasa ni ngumu kuliko chuma cha krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ukisugua bloku injini ikiwa bado ndani ya gari, zile punje zinashuka kwenye njia za oili, unafunga, unawasha, gari linanguruma vizuri. Tulipokea injini ya namna hiyo baada ya wiki mbili ikigonga. Tulipofungua, bering za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankishafti) zilikuwa zimechorwa mistari kama ubao wa kukunia. Mwenyewe alikuwa anatafuta kuokoa bei ya kusaga hedi. Alinunua injini.

Sisemi usiguse chochote. Kifuniko cha themostati, kitako cha kabureta, hivyo weka msasa laini juu ya kioo kinene, zungusha taratibu, utafanikiwa. Hata kusaga vali kwa dawa na kile kijiti cha kunyonya tunafanya kwa mkono hapa hapa. Hedi ni kitu kingine.

Sasa bei. Shilingi 100,000 za Uganda kwa hedi ya silinda nne. Watu wanaona mashine inazunguka dakika ishirini wanapiga hesabu. Hawaoni tunavyotoa vali na kuzipanga kwa namba, tunavyoziba matundu ya maji, tukapiga hewa na kuizamisha hedi kwenye pipa la maji ya moto kutafuta mapovu. Ikiwa na ufa katikati ya viti vya vali, tunakwambia kabla ya kusaga, na unalipa kupima tu. Tunazungusha kamshafti, mhimili unaofungua vali, kwa vidole pia, kwa sababu hedi ikipinda chini, na juu imepinda. Ukisaga chini peke yake kamshafti inakwama. Kuosha mwishoni kunachukua muda kuliko kusaga. Iliyopigwa msasa nyumbani inaoshwa mara mbili, na inabidi tukate zaidi ili tufike chini ya shimo ulilochimba. Ndiyo maana inapanda.

Ukija, njoo na gasketi ya zamani, hata kama imeungua, inatuonyesha maji yalipitia wapi. Bolti zilete zote. Usiikwangue hedi.

Mwalimu alilipa mwishowe, 120,000. Jumamosi alipita na Premio yake, akasimama kununua chapati ng'ambo ya barabara. Injini aliiacha ikinguruma. Hakutusalimia.