Busta ya mtandao kambini: kabla hujakodi, tuambie unalala wapi

Ikifika Desemba, Moshi ikianza kujaa watu waliopanda kutoka Dar kuja kula sikukuu nyumbani, dukani kwetu swali huwa lile lile. Mtu amekodi mahema mawili, magodoro na jiko la gesi, ameshalipa na vitu vimepakiwa, halafu anageukia mlangoni: "Na ile busta ya mtandao mnayo? Maana huko tunakokwenda simu hazishiki."

Tunazo, na tunazikodisha. Ila siku hizi hatumpi mtu busta kabla hatujajua anakwenda kulala wapi, na katika nini. Msimu uliopita nyingi zilirudi na wateja wenye hasira, na lawama tunazibeba wenyewe, kwa sababu tulizitoa bila maelezo. Maelezo yenyewe ni haya.

Busta haizalishi mtandao. Ina antena ya nje inayokamata mawimbi ya mnara, kisanduku cha umeme kinachoyakuza, na antena ya ndani inayoyamwaga karibu na simu yako. Sauti ya simu yako nayo hurudi kwa njia hiyo hiyo hadi mnarani. Hii safari ya kurudi ndiyo watu huisahau. Unaona vistari viwili kwenye kioo, unapiga, unamsikia mama vizuri, yeye anabaki "haloo, haloo". Mnara una nguvu nyingi, kasimu kako hakana. Hapo busta nzuri inasaidia kweli. Lakini pasipo na mawimbi kabisa, inakuza kelele tu.

Kwa hiyo pima kwanza. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha hali ya laini, utaona namba hasi yenye herufi dBm mbele yake. Kwa 4G, ikiwa karibu na -80 huhitaji kifaa chochote. Kwenye -105 au -110 busta ina kazi ya kufanya. Ikivuka -120, weka hela yako mfukoni. Usilinganishe namba ya 4G na ya 2G, kwa sababu hupimwa tofauti, na ya 4G huonekana mbaya zaidi hata mahali ambapo hali ni nzuri.

Mzee mmoja alituletea busta aliyotumiwa na binti yake kutoka Marekani. Ilikuwa nzito mkononi, waya zake nene, kazi safi. "Kijana," akaniambia, "nimekesha nayo kule Ziwa Chala. Taa inawaka kijani usiku kucha, simu haisomi kitu." Nikaigeuza nisome kibandiko cha chini: 850, 1900. Nikamwambia, "Mzee wangu, si mbovu. Imetengenezwa kwa minara ya kule." Hapa kwetu simu zinatumia zaidi masafa ya megahezi 800, 900, 1800 na 2100. Busta ya masafa mengine itawaka taa vizuri tu, na haitakusaidia lolote.

Zile za bei rahisi kabisa zina tatizo linalofanana na hilo: nyingi zinakuza 900 peke yake. Kupiga na kutuma meseji za kawaida utapata, lakini WhatsApp inayopita kwenye 4G ya 800 au 1800 haiguswi. Mteja anarudi akisema intaneti hamna, na ana haki, kwa sababu hakuna aliyemsomea kibandiko. Na vile vibandiko vya dhahabu vya kubandika nyuma ya betri, tafadhali usinunue, havifanyi kitu.

Sasa tuje kwenye hema, maana hapa ndipo busta nyingi hushindwa hata zikiwa za masafa sahihi.

Umewahi kusikia kipaza sauti kikisogezwa karibu na spika kanisani? Ule mlio unaofanya watu wazibe masikio hutokea kwa sababu kipaza sauti kinasikia sauti yake yenyewe, inakuzwa, inarudi, inakuzwa tena. Busta hufanya vivyo hivyo, ila bila mlio. Antena ya nje ikiisikia ile ya ndani, mashine inaanza kujizungusha. Busta zenye akili hujipunguza au kujizima. Za bei rahisi nyingi huendelea, zikipiga kelele hewani, na kelele hiyo inawavuruga hata wengine wanaotumia mnara huo.

Nyumbani, bati na kuta za zege hutenganisha antena mbili. Hema halitenganishi chochote. Kitambaa cha hema kwa mawimbi ya simu ni kama hakipo. Unaweza kuweka antena moja juu ya kijiti na nyingine kando ya mto wa kulalia, mita tatu baina yake, na zikaonana kama watu wawili waliosimama uwanjani. Ukisoma kwenye boksi "desibeli 65", yaani kipimo cha ukuzaji, usifurahi haraka. Kadiri ukuzaji ulivyo mkubwa ndivyo antena zinavyotaka kutengwa zaidi.

Suluhisho letu ni gari. Paa la Landkruza ni chuma. Bandika antena ya nje juu ya paa katikati, ya ndani ishushe chini usawa wa kiti, funga milango, pigia simu humo. Tulijaribu hivyo kwenye bonde moja chini ya msitu, jioni ya mvua. Nje simu ilisoma -112, na busta ikiwa hemani ikabaki pale pale ikirukaruka. Kwenye gari ikatulia -97, tukapiga. Busta ile ile, dakika kumi baadaye.

Kama umekuja kwa bodaboda na huna gari, angalia pia waya. Ule mwembamba mweusi unaokuja na vifaa rahisi hupoteza kama nusu desibeli kila mita. Mita kumi, umepoteza zaidi ya nusu ya ulichokamata hata kabla hakijafika kwenye kisanduku. Waya mfupi mnene ni bora kuliko antena ndefu.

Na mara nyingi kamba inatosha. Tia Mi-Fi (kile kisanduku kidogo cha intaneti) au simu ya zamani yenye laini kwenye mfuko usiopitisha maji, washa hotspoti, irushe kamba juu ya tawi, ivute mita tano au sita. Wewe unabaki chini unatumia Wi-Fi. Kimo kinashinda ukuzaji, hasa penye migomba na makorongo kama ya Kibosho na Umbwe. Usiku ukitaka kupiga tu, weka simu kwenye 2G peke yake, na meseji ya kawaida hupenya pale simu ya sauti inapokatika. Ukienda kulala, weka hali ya ndegeni, maana simu inayotafuta mnara wa mbali hunyonya betri hadi asubuhi.

Wanaokwenda Chala wanahitaji neno lao. Mpaka wa Kenya unapita katikati ya ziwa, na simu inaweza kurukia mtandao wa upande wa Taveta bila kukuuliza, ukabaki unashangaa kwa nini bando halisomi. Zima uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha, chagua wa nyumbani kwa mkono. Na ukishuka hadi majini, kuta za kreta zinakuziba, basi piga simu zako ukiwa juu ukingoni.

Wanaopanda mlima kwa njia ya Marangu, ulizeni kabla ya kukodi. Tangu Agosti 2022 TTCL, shirika la simu la taifa, wamefikisha intaneti kambi ya Horombo, mita 3,720, na hatutaki ubebe kilo mbili za waya bure.

Kuna na sheria. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa hivi vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kama umenunua chako mtandaoni au umetumiwa, wasiliana na ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, kabla hujakiwasha.

Na hili mwambie kila mtu mliye naye kambini, watoto pia: kioo kikiandika "dharura tu", maana yake mtandao wako haupo lakini wa kampuni nyingine upo. Namba 112 inaweza kupita hapo hata kama laini yako haishiki.

Yule mzee alirudi tena wiki iliyofuata. Ya Marekani aliiacha nyumbani ili binti yake aje aichukue, akakodi kwetu mahema matatu na kamba ya mita ishirini. Wewe nawe ukija, njoo na busta yako kama unayo. Tunakusomea kibandiko bila malipo, pale pale kaunta, hata kama hukodi kitu.