Risala ya kikundi chetu cha usafi wa mazingira kwa mgeni rasmi, bonde la Lukuledi, Lindi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wa kijiji, mkuu wa shule, wazee wetu, kina mama na vijana wenzetu, asalaam aleykum, tumsifu Yesu Kristo.

Mh mgeni rasmi, tunashukuru sana umekubali kutoka kwenye turubai ukaja mpaka huku nyuma ya bweni la wasichana, manake tulichokuitia kiko hapa hapa chini ya haya matete.

Karo la bweni, yaani tangi la majitaka ya chooni, lilijengwa kipindi mabinti ni wachache, sasa wamejaa na shimo la kunyonya maji yanayotoka kwenye karo limeshakinai, udongo wetu wa bondeni ni mfinyanzi mtupu, haunywi maji. Mvua zikishika Desemba mpaka Aprili karo linafurika, chemba inatoa povu na harufu, majitaka yanafuata mfereji moja kwa moja hadi kwenye kijito na kijito kinaingia Lukuledi. Kiangazi kikifika, kwenye mchanga wa kijito hicho hicho ndo mama zetu wanafukua visima, mtu anachota na kata taratibu asitibue, akiona maji meupe anadhani ni salama. Watoto wetu wameharisha sana Mh, hatuna maabara ya kusema ni karo tu, ila huwezi kumwaga kinyesi juu ukachota maji ya kunywa chini.

Ndo tukasema tujaribu bwawa la matete. Sio kitu tumebuni sisi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelifanyia kazi hili jambo miaka mingi. Tumeanza na maji ya kuogea na kufulia, ya chooni bado. Tulichimba kina cha sentimita 60 hivi, tukatandika plastiki nzito, tukajaza kokoto, tukapanda matete ya mtoni. Maji yanaingia upande ule yanapita katikati ya kokoto bila kuonekana juu, kwahiyo hata mbu hapati pa kutagia, na vijidudu vilivyoshika kwenye mawe na mizizi ndo vinakula uchafu, hakuna umeme wala dawa. Mara ya kwanza tuliharibu, kokoto tulimwaga na vumbi lake, baada ya wiki kadhaa zikaziba maji yakapanda juu yakaanza kunuka, ikabidi tuzitoe zote, kina mama wakaziosha karai kwa karai siku mbili nzima (tunaomba uwapigie makofi, wako pale chini ya mwembe). Toka hapo yanatoka meupe. Lakini meupe sio salama, mayai ya minyoo na vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho, ndo maana tunayapeleka kwenye migomba tu, mchicha hapana.

Mh, sasa tunataka bwawa la pili, la maji ya chooni yakishatulia kwanza kwenye karo. Hilo hatuwezi kukisia, linataka mtu wa kupiga hesabu, wanafunzi wangapi, maji kiasi gani kwa siku, yakae siku ngapi, mteremko kiasi gani. Eneo kijiji kimetoa, nguvu kazi tunayo, matete na kokoto hatununui. Tunachoomba kwako ni mhandisi wa kuja kupima, plastiki nzito na mabomba, maji yapimwe maabara yakiingia na yakitoka, na utusaidie lipatikane gari la kunyonya tope la karo kila baada ya miaka michache, manake tope lisiponyonywa litahamia kwenye kokoto na bwawa litaziba kama hili la kwanza lilivyoziba mwanzoni.

Kabla hujarudi mezani tunaomba usogee mpaka pale kwenye bomba la kutokea, kuna mabinti wawili wa kidato cha tatu wameshika ndoo mbili, moja ya maji yanayoingia na moja ya yanayotoka, watakueleza wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.